Shefu Bandi Hafi

Leo nataka kuandika juu ya filamu na hadithi, lakini mkisoma mpaka mwisho mtaona naongea juu yetu.

Kule Goma tulipokuwa wadogo, kila filamu ilikuwa na watu wawili tu: akteri na shefu bandi. Akteri hafi, hiyo ilikuwa sheria. Hata apigwe risasi kumi, atasimama tu. Shefu bandi anakufa dakika ya mwisho, tunapiga makofi, tunaenda nyumbani kula. Nilipofika Kampala nikakuta sheria ni ile ile. Unaingia kibanda cha filamu pale Katwe, VJ anatafsiri kwa Kiganda na kuongeza utani wake, watu wanacheka mpaka machozi, na mwisho shefu bandi anakufa.

Lakini kuna wengine hawafi. Joker, adui wa Batman, alitokea mara ya kwanza mwaka 1940. Walikuwa wamepanga afe mapema kabisa, mhariri akakataa, juu aliona huyu mtu bado atafaa. Sasa ni zaidi ya miaka 80, Batman anamkamata, anafungwa, anatoroka, wanaanza upya. Shefu bandi anayeleta pesa, nani atamuua?

Na hapa hapa Kampala, mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana alitoa filamu inaitwa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Kapteni anakufa, watu wanapigana kung fu, mabomu yanalipuka, filamu inaisha, na lile swali la kwenye jina halijibiwi. Siku tuliyoiangalia tulicheka sana. Usiku nikiwa nimelala nikawaza: sisi kwetu tuko na maswali mangapi kama hilo? Nani aliua fulani? Filamu imeisha, watu wametawanyika, jibu hakuna.

Sasa niwaambie kilichonitokea.

Nilianza kujitolea kambini, na hapa mjini naendelea. Kila Jumamosi tunakaa na watoto, tunasoma kidogo, tunacheza, tunapiga hadithi. Jumamosi moja nikawapigia hadithi ya Mwindo, ya Wanyanga wa upande wa Walikale. Mzee mmoja, Candi Rureke, aliisimulia mwaka 1956 ikaandikwa, na kitabu kikatoka 1969. Nikawaambia juu ya Kirimu, lile zimwi la porini lenye vichwa saba, lililomeza wawindaji wa Mwindo. Mwindo akaliua, tumbo likapasuliwa, wawindaji watatu wakatoka wazima. Watoto wakashangilia. Wakasema tuigize.

Mwindo walikuwa wengi, kila mtu alitaka. Nikauliza, na Kirimu ni nani? Vidole vyote vikaelekea kwa mtoto mmoja. Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Ni juu ya lugha ambayo mama yake anaongea. Yeye hakukataa, akalala chini kama mtu aliyezoea, wenzake wakamuua kwa vijiti. Na mimi, kiongozi wao, nilisimama pale nacheka. Baadaye akapangusa vumbi kwenye magoti, akaniuliza: «Kaka, Jumamosi ijayo ni mimi tena?»

Wandugu, siwafichi. Kidole changu hakikunyooka, lakini moyo wangu ulikuwa umenyooka zamani. Mimi pia nimekimbia. M23 iliingia Goma Novemba 2012. Mwaka 2013 ikashindwa, watu wakacheza barabarani, tukaambiwa imeisha. Januari 2025 Goma ikaanguka tena. Ukishaona shefu bandi amefufuka namna hiyo, unatafuta sura ya kumpa. Na sura iliyo karibu ni ya jirani, au ya mtoto wa jirani, ambaye naye amekimbia kama wewe na anapanga mstari ule ule wa karatasi za ukimbizi.

Lile swali lilinikaa wiki nzima. Nikakumbuka kwamba hadithi nilikuwa nimeikata katikati. Niliishia pale Kirimu anapokufa, juu ndipo panapigiwa makofi.

Kumbe Kirimu alikuwa na rafiki juu. Nkuba, bwana wa radi, walikuwa wamefanya naye urafiki wa damu. Alipojua rafiki yake ameuawa, akashuka akamchukua Mwindo mpaka mbinguni. Mwindo, shujaa mzima, akakaa huko mwaka mmoja, ananyeshewa na mvua, anachomwa na jua. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, amekatazwa kuua ovyo. Na kabla ya hapo kulikuwa na baba yake, Shemwindo, aliyetaka kumuua tangu alipozaliwa. Mwindo alimfuata mpaka chini ya ardhi, akamleta nyumbani, lakini hakumuua. Baba akakiri makosa yake mbele ya watu wote, wakagawana ufalme.

Nafikiri wazee wetu walijua kitu ambacho kibanda hakitufundishi. Anayerudi kila mara ana rafiki juu, na huyo rafiki humfikii kwa kumpiga mtu wa chini. Na kukiri mbele ya watu kunaweza kumaliza kitu ambacho mkuki haukumaliza. Sisemi ni rahisi. Kwetu bado hakuna aliyekaa mbele ya watu akakiri. Lakini ile kazi ya kupasua tumbo, kuwatoa waliomezwa, hiyo tunaweza kuianza hata leo.

Jumamosi iliyofuata nikaomba msamaha mbele ya watoto wote, halafu nikawamalizia hadithi. Tukaigiza tena. Safari hii Kirimu ilikuwa shitingi ya zamani, watoto wanne wa kila kabila chini yake, wanapiga kelele. Nikamuuliza yule mtoto, wewe unataka kuwa nani? Nilidhani atasema Mwindo.

Akasema Nkuba.

Akapanda juu ya kiti, akatuangalia wote, wakubwa na wadogo, akauliza kwa sauti: «Nani ameua rafiki yangu?»

Hakuna aliyecheka. Mimi ndiye nilikuwa wa kwanza kuinua mkono.

Ni hayo tu, wandugu. Jumamosi tuko pale pale, njooni na watoto wenu.