Kipupwe Kimefika, Nasuka Tena

Mwezi wa Juni umefika. Hapa kwetu Misigiri upepo wa baridi unavuma tangu asubuhi mpaka jioni. Uwele umekwisha kupurwa. Alizeti zimekatwa vichwa na zinakauka uani. Viazi vimemenywa, vimekatwa, vimeanikwa juu ya mawe ili tupate michembe. Jembe limepumzika, na mikono inatafuta kazi nyingine.

Vitabu vya shule hutaja masika na vuli. Hayo ni ya wenzetu wenye mvua mara mbili. Sisi watu wa Singida tuna mvua moja tu. Huanza Novemba au Desemba, nayo huisha Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu, na mwanzo wake ndio huu wa baridi. Mimi naupenda kuliko miezi yote.

Wewe je, unafanya nini jioni za namna hii? Huko Japani, mwezi wa Septemba au Oktoba, joto linapokwisha, watu hukaa nje kutazama mbalamwezi, basi. Hawana haja nyingine. Niliposoma habari hiyo nilicheka, kisha nikaona kwamba hata sisi tunafanya vivyo hivyo. Mimi huamka alfajiri kutazama Kilimia. Nyota zile huzama pamoja na jua mwezi wa Mei. Mwezi wa Juni huonekana tena upande wa mashariki, kabla jua halijachomoza. Nikiziona, najua ni wakati wa kutoa sindano yangu kubwa ya kushonea magunia.

Jioni tunakota moto. Mjukuu wangu hategi tena vitendawili vya zamani, anatunga vyake. Juzi alisema, "Kitendawili!" Tukamjibu, "Tega!" Akasema, "Mgeni wetu hupita kila siku, hajabisha hodi hata mara moja." Tulishindwa. Akataka mji. Nikampa Dodoma, akakataa. Nikampa Mwanza, akakubali. Jibu lake ni lori! Nyumba yetu iko karibu na njia panda, pale barabara ya Kiomboi inapoachana na barabara kuu iendayo Nzega. Malori yanapita hapo usiku na mchana, yakielekea kuteremka mlima Sekenke.

Wakati yeye anatunga, mimi nasuka kikapu. Sasa nikueleze habari ya kikapu hicho.

Mama yangu alijifunza kusoma katika darasa la kisomo. Mwaka 1967, kati ya watu wazima 100 wa nchi yetu, 67 walikuwa hawajui kusoma. Mama alikuwa mmoja wao. Mwezi wa Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa nchi nzima, naye akaufanya. Waliobaki bila kujua kusoma wakawa 39 katika kila 100. Mama hakuwa mmoja wao tena.

Kipupwe kilichofuata alisuka kikapu chenye maandishi. Alichemsha magome ya mgunga, akatia nyuzi za mkonge katika maji yale. Kisha akazifukia katika tope jeusi la mbugani. Tope lile lina chuma ndani yake. Chuma kikikutana na maji ya magome, uzi unakuwa mweusi na haupauki upesi. Kwa nyuzi hizo aliandika neno moja kuzunguka kikapu: NAJUA. Herufi J aliigeuza, mkia wake ukatazama upande usio wake. Mwalimu alipomwonyesha kosa, alisema J hiyo inarudi nyumbani.

Kikapu hicho mimi nilikiuza. Ilikuwa mwaka 1991. Mtoto wangu alitakiwa shuleni na sare ya shule sikuwa nayo. Basi lilisimama njia panda, abiria mmoja akachungulia dirishani, akakitaka. Nilimpa. Nilipofika nyumbani nilimwambia Mama. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Aliyekinunua anajua kusoma?"

Nilimjibu kwamba sikumwuliza.

Wakati huo macho yake yalikuwa yameanza kufifia, hakuweza kusuka kingine. Mwaka 2003 alifariki. Ndipo nilipoanza kujaribu mwenyewe.

Labda unafikiri ni kazi rahisi. Jaribu! Kikapu cha namna hii husukwa kwa kuzungusha fungu la nyasi, mzunguko juu ya mzunguko, ukilishona kwa uzi. Mzunguko hauishi pale ulipoanza, unapanda juu kidogo. Kwa hiyo herufi nazo hulala upande kama mlevi, usipokuwa mwangalifu. Tena kikapu hupanuka kinapokwenda juu. Herufi yenye mishono 8 chini itataka mishono 10 au zaidi juu. Mama alihesabu kwa punje za mahindi, akizihamisha kutoka bakuli moja kwenda jingine. Hakuandika hesabu yake popote. Mimi natumia daftari la hesabu lenye miraba. Kila mraba ni mshono mmoja. Hapo naona faida ya shule, lakini daftari ni bapa na kikapu ni cha mviringo.

Shida yangu ni A ya mwisho. Mama aliziacha herufi zote tano zikae kwa nafasi sawa, ukizungusha kikapu husikii pengo. Mimi kila mwaka nafika kwenye U, na N ya mwanzo iko mbele yangu tayari. Mwaka jana kikapu changu kiliandika NAJU. Jirani yangu alikinunua hivyo hivyo, anawekea mayai. Mwaka huu nimepunguza mishono miwili katika kila herufi. Nimefika kwenye J. Nimeigeuza kama ile ya Mama, na mjukuu wangu amenisahihisha mara tatu.

Ndugu msomaji, yule abiria alikuwa akielekea upande wa Nzega. Huenda kikapu kiko Shinyanga, au Mwanza, au kimevuka mpaka. Kama kiko nyumbani kwenu, au umekiona kwa mtu, sikitaki kirudi. Kilinunuliwa kwa haki. Nakuomba ukae nacho uani penye mwanga. Weka kidole kwenye U, uhesabu mishono mpaka mwanzo wa A. Kisha uhesabu kutoka A mpaka N. Andika namba hizo mbili kwenye karatasi, uzilete kwa mhariri wa gazeti hili.