Eropleni Iliyoitwa Mbu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika bonde letu la Kilombero jina la mbu halitajwi kwa mapenzi. Jua likizama nyuma ya milima ya Udzungwa, mbu dume hukusanyika hewani makundi makundi, nao mbu jike huja mabwenini kututafuta sisi. Mji wetu wa Ifakara umejulikana mbali kwa sababu ya mdudu huyo. Maabara ndogo ya Waswisi iliyoanza kazi hapa mwaka 1957 ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, na hata leo wataalamu wake humfuga mbu, humhesabu, humfuata nyendo zake kama polisi amfuatavyo mwizi. Basi wenzangu waliponisikia nikisema kuwa kitu nikipendacho kuliko vyote virukavyo angani ni Mosquito, yaani Mbu, wengine waliniuliza kama nina homa.

Mosquito nisemayo ni eropleni ya vita ya Waingereza, yenye injini mbili na rafadha mbili, yaani yale mapanga yanayozunguka mbele ya injini na kuivuta eropleni hewani. Iliundwa zamani, kabla babu za wengi wetu hawajazaliwa. Mwalimu wetu wa Fizikia, aliyechoka kusikia ubishi wetu juu yake, aliniambia kuwa kelele za bwenini hazimalizi neno, afadhali niandike katika gazeti la shule. Ndiyo sababu ya maneno haya.

Mimi nimeiona ikiruka katika sinema tu, kwenye kompyuta ya shule. Eropleni ninayoitazama katika sinema hiyo iliundwa Kanada wakati wa vita. Vita vilipokwisha, mkulima mmoja wa huko aliinunua, ikakaa shambani miaka mingi mpaka mbao zake zikaoza. Baadaye ilipelekwa New Zealand, na mafundi wa huko wakaiundia upya kiwiliwili na mabawa. Ikaruka tena tarehe 27 Septemba 2012. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na Mosquito hata moja duniani iliyoweza kuruka, kwa maana ile ya mwisho ilianguka Uingereza mwezi wa Julai 1996, katika maonyesho ya eropleni, wakafa watu wawili waliokuwamo.

Kwanza yasimama mwisho wa kiwanja, mkia chini na pua juu, kama chura anayetaka kuruka. Injini moja yakohoa, yatoa moshi, yashika. Kisha ya pili. Rafadha zapotea machoni, zabaki kama vivuli viwili vya mviringo. Ikianza kukimbia, mkia huinuka kabla ya magurudumu ya mbele kuacha ardhi, na hapo mtu huona kuwa chombo chenyewe kimekwisha amua kwenda. Ikiwa juu, magurudumu hukunjwa, milango ya vyumba vyake hufungwa, na sura yake yote hubadilika. Chini ilikuwa mtambo mzito. Juu huoni kitu cha kupunguza wala cha kuongeza. Mabawa yamekwenda yakichongoka mpaka ncha, kiwiliwili ni chembamba kama samaki, na rubani na mwenzake wamekaa bega kwa bega katika kidirisha kimoja.

Lakini uzuri wake hasa ni pale inapopita chini. Yatoka mbali ikiwa ndogo, haina sauti, halafu ghafula imejaa mbele yako, karibu na majani ya kiwanja, na sauti za injini mbili, kila moja ina silinda 12, zimechanganyika zikawa mvumo mmoja unaotetemesha meza iliyobeba kompyuta. Ikiisha kupita, hulaza bawa moja na kupinda, na kwa nukta chache waiona yote kwa juu, kama mwewe azungukavyo juu ya mashamba ya mpunga. Jeti hupita kama kitu kilichotupwa. Hii hupita kama kitu kijuacho kiendako.

Nikiulizwa kwa nini naipenda, hujibu kuwa ni kwa sababu ya mbao. Vita kuu ya pili ilipoanza mwaka 1939, bati na vyuma vya kuundia eropleni vilikuwa adimu, lakini maseremala walikuwako wengi na kazi zao zilikuwa zimepungua. Bwana Geoffrey de Havilland na wenzake wakasema kuwa waweza kuunda eropleni ya mbao itakayokwenda mbio hata adui asiweze kuifukuza. Wakubwa wengi wa serikali hawakuamini. Wakati ule mbao zilihesabiwa kuwa mambo ya kale. Mafundi wakajitenga katika jumba la Salisbury Hall, nje kidogo ya London, wakafanya kazi, na tarehe 25 Novemba 1940 eropleni ya kwanza, iliyopakwa rangi ya manjano, ikaruka. Rubani alikuwa mtoto wa Bwana de Havilland mwenyewe, aliyeitwa Geoffrey kama baba yake. Ilipojaribiwa mwaka uliofuata ilipita kilomita 600 kwa saa, ikaishinda mbio hata Spitfire iliyolinganishwa nayo, ingawa Spitfire ni ndogo na ina mtu mmoja tu. Baadaye waliunda zaidi ya 7,000, za kupiga picha, za kutupa mabomu, na za kupigana usiku na mchana. Ile ya manjano ingali ipo, imehifadhiwa katika makumbusho pale pale ilipoundwa.

Kiwiliwili chake kiliundwa kwa namna ambayo mtu wa Kilombero aweza kuifahamu upesi. Fikiri mitumbwi miwili, umeilaza kwa ubavu, ukaielekeza midomo yake. Nusu ya kulia iliundwa peke yake na nusu ya kushoto peke yake. Nyaya na mabomba yakafungwa ndani kukiwa kweupe, ndipo nusu zikakutanishwa na kugundishwa. Tofauti ni kwamba mtumbwi wetu huchongwa katika gogo moja, bali ukuta wa Mosquito ulikuwa wa tabaka tatu: nje plaiwudi nyembamba, ndani plaiwudi nyembamba, na katikati balsa, mti mwepesi sana utokao Amerika ya Kusini. Kazi hiyo haikufanywa na wahandisi peke yao. Viwanda vya samani na vya piano vilipewa sehemu za kuunda, na watu ambao jana walikuwa wakitengeneza makabati wakawa wanatengeneza mabawa.

Nina mjomba ambaye ni seremala hapa Ifakara. Hutengeneza vitanda, milango na madawati, kwa mninga akiupata na kwa mtiki siku nyingi. Wakati wa likizo nilimwonyesha sinema hiyo kwenye simu yake. Aliitazama mpaka mwisho, asiseme neno juu ya mbio zake wala juu ya injini. Kisha akauliza, “Mjomba, hiyo wameiunganisha kwa gundi gani?”

Ama kweli aliuliza swali lenyewe. Za kwanza ziligundishwa kwa gundi itokanayo na maziwa. Halafu ikatumika gundi ya viwandani iliyo bora zaidi, kwa maana ile ya maziwa haipatani na unyevu. Mwaka 1944, eropleni hizo zilipokuwa zikitumika India na Burma, nchi za joto na mvua kama kwetu, viungo vya baadhi yao viliachia na mabawa yakavunjika hewani. Walipochunguza waliona kuwa kulikuwa na makosa ya uundaji viwandani, na tena joto na unyevu vilichangia. Nilipomweleza mjomba alicheka kidogo. “Wangalituuliza sisi,” akasema. “Masika ya huku hufumua hata kigoda.” Siku ile ile alichukua vipande vya mtiki, akaviunganisha viwili viwili kwa gundi tatu za namna mbalimbali, akavitundika kwa waya nje ya karakana yake, mahali panapopigwa na mvua na jua. Hiyo ilikuwa mwezi wa Machi.

Msomaji asidhani kuwa mambo haya yako mbali sana na Afrika ya Mashariki. Mosquito moja ilipita huku. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1947 rubani na mwongoza njia wake walikuwa safarini toka London kwenda Cape Town, na mahali walipotua kutia mafuta palikuwa viwili tu: El Adem katika Libya, na Kisumu. Safari yote ilichukua muda wa saa 21 na dakika 31, na wakati huo hapakuwa na mtu aliyewahi kwenda upesi hivyo. Niliweka rula juu ya atlasi toka Kisumu mpaka Cape Town, nikaona mstari wapita karibu na Tabora. Ifakara imeachwa mbali upande wa mashariki, jambo lililonisikitisha kidogo. Tena, shirika la East African Airways lilipoanza mwaka 1946 lilianza na eropleni za Dragon Rapide, zenye injini mbili, za mbao na nguo, na kiwanda kilichoziunda kilikuwa hicho hicho cha de Havilland. Na tawi lake la Kanada, lililounda zaidi ya Mosquito elfu moja wakati wa vita, ndilo lililokuja kubuni Dash 8, eropleni za rafadha mbili ambazo Air Tanzania huzitumia katika safari za mikoani. Kwa hiyo Mtanzania aliyepanda Dash 8 amekwisha panda jamaa ya Mosquito, ijapokuwa jamaa wa mbali.

Muhula huu chama chetu cha majadiliano kilileta hoja isemayo kuwa chombo cha vita hakistahili kusifiwa. Kila mtu alinitazama mimi. Nilisimama upande wa kupinga, nikayasema haya niliyoyaandika, na tena nikaongeza habari za Niels Bohr, yule mtaalamu wa atomu tunayesoma jina lake. Mwaka 1943 alitoroshwa toka Sweden mpaka Uingereza ndani ya Mosquito isiyo na silaha, amelazwa mahali pa kuwekea mabomu. Watu wakapiga makofi.

Ndipo aliposimama msichana wa Kidato cha Tatu, mpole, asiyezoea kusema mbele za watu. Alisema habari moja tu. Tarehe 21 Machi 1945 Mosquito za Waingereza zilikwenda Copenhagen, katika Denmark, kulipiga jumba la polisi wa siri wa Wajerumani, ambamo walikuwamo pia wafungwa wazalendo wa nchi hiyo. Jumba lilipigwa, na wafungwa kadhaa walipata kutoroka. Lakini eropleni moja iligonga mlingoti wa taa, ikaanguka karibu na shule iliyoitwa Jeanne d'Arc. Moshi ukapanda. Baadhi ya marubani waliokuja nyuma walidhani kuwa moshi ule ndio alama ya mahali pa kupiga, wakatupa mabomu yao juu ya shule. Watoto 86 walikufa. Akasema, “Darasa letu lina wanafunzi 43,” akaketi.

Habari hiyo nalikuwa naijua tangu zamani, lakini sikuwahi kuigawa kwa madarasa. Hoja ilipigiwa kura, upande wetu ukashindwa, na sidhani kama nilistahili kushinda. Lakini kwa kweli bado naipenda eropleni ile, na sitaki kumdanganya msomaji kuwa nimeiacha. Kilichobadilika ni ile sehemu ya sinema niliyoisifu kuliko zote, pale inapopita chini. Najua sasa kuwa hivyo ndivyo ilivyopita juu ya mapaa ya Copenhagen. Walikuja chini kwa makusudi, ili adui asiwaone mapema na ili mabomu yaangukie jumba moja tu, si mtaa mzima. Kuruka chini huko ndiko kulikoifanya ile moja ikutane na mlingoti wa taa. Siwezi kuutenga uzuri huo upande mmoja na jambo lile upande wa pili; ni mruko mmoja. Wako wenzangu wasemao kuwa chombo hakina kosa, kosa ni la watu. Maneno hayo ni mepesi mno kwangu, kwa sababu chombo hiki kiliundwa kubeba mabomu, na waliokiunda walijua.

Likizo ilipofika mwezi wa Juni nilimsimulia mjomba habari za mjadala. Alinyamaza, akaendelea kupiga randa mpaka ubao ukaisha. Kisha akauliza kama huyo bwana aliyeiunda alipata kuona mambo eropleni yake iliyoyafanya. Nilimwambia kuwa Bwana de Havilland aliishi mpaka mwaka 1965. Na kwamba katika mwaka 1943 mtoto wake mdogo, John, alikufa Mosquito mbili zilipogongana hewani.

“Na akaendelea kuziunda?”

“Aliendelea, mjomba. Vita vilikuwa havijaisha.”

Hakujibu. Aliweka randa chini, akatoka nje kutazama vile vipande vya mtiki vilivyokuwa vimetundikwa tangu Machi. Jozi moja ilikuwa imeachana kabisa, kipande kimoja kimeanguka mchangani. Ya pili ilikuwa imefumuka pembeni, kucha yaweza kuingia. Ya tatu aliishika kwa mikono miwili akaivuta kwa nguvu, akaipiga gotini, ikakataa kuachia. Akaitundika tena mahali pake, akasema tuiache mpaka masika mengine.