Hodi Pasipo na Mlango

Nchini Uingereza niliwahi kukaa siku chache katika kambi ya karavani, yaani nyumba ndogo za magurudumu zikokotwazo na magari wakati wa likizo. Mzee jirani yangu alinisalimu kwa bashasha, akanisaidia kusawazisha yangu. Kesho yake nilikatiza mbele ya mlango wake kwenda bombani. Uso wake ukakunjamana. Nilidhani amenichukia, kumbe nimepita uani mwake bila hodi! Karavani huachanishwa mita 6 ili moto wa moja usirukie nyingine. Nafasi hiyo huhifadhi na staha pia. Nilimtaka radhi, akanikaribisha chai. Ujirani mwema una mpaka. Tangu hapo nabisha hodi hata pasipo na mlango.