Pikipiki ya kupanda Bijombo haichaguliwi kwa mbio

Kijana mmoja aliyehama Bijombo anaishi sasa Uvira, na pikipiki ndiyo shamba lake. Juzi injini ilianza kugonga na kukosa nguvu. Fundi alipoifungua, akakuta nundu za kamshafti zimelika. Oili ilikuwa nyeusi kama makaa, na hapo kijana hakuwa na la kujibu.

Wenzake wa parkingi wakamshauri: "Kaka, zichomelee ziwe kubwa, moto itakimbia!" Na kweli, kwenye tambarare ya kwenda Kiliba ingekimbia. Lakini fundi, mzee wa kazi, akamuuliza: "Mwanangu, unapeleka unga mlimani ama unashindana?"

Akamweleza kwamba nundu ndizo zinafungua valvu. Zikiwa kubwa, valvu zinakaa wazi muda mrefu. Injini ikienda polepole, sehemu ya hewa iliyovutwa inarudi nje, na nguvu inapotea. Tena ziwa liko kwenye mita 770 hivi, nyanda za juu zinapita mita 2.000, na huko hewa ni nyepesi tayari. Mlima unataka nguvu ya gia ya kwanza.

Kijana akanunua mpya, ya umbo lilelile la kiwandani, kwa pesa ya masomo ya mdogo wake. Fundi akabadilisha oili, akapima nafasi ya valvu.

Jumamosi alipanda na unga wa mama yake aliyebaki huko, mpaka pale njia inapokataa pikipiki. Kutoka hapo, mfuko ulienda kwa mgongo.