Kuku wa Colmar na Makombo ya Mkate

Mashariki ya nchi ya Ufaransa, kati ya milima ya Vosges na mto Rhine, uko mji wa Colmar katika jimbo la Alsace. Nyumba zake za kale zimejengwa kwa boriti za mbao zinazoonekana nje ukutani, na baadhi yake zimesimama ukingoni kabisa mwa mto mdogo wa Lauch. Jimbo hilo lilitwaliwa na Wajerumani 1871, likarudi kwa Wafaransa 1918, likatekwa tena 1940, hata vita vikaisha 1945. Basi upishi wake umechota pande zote mbili, na katika kuoka watu wake hawahitaji mwalimu. Keki yao mashuhuri ni kougelhopf, yenye chachu, siagi, zabibu kavu na lozi, nayo huokwa katika chombo cha udongo chenye tundu katikati.

Penye kuoka sana hapakosi makombo. Mkate wa Kifaransa ukilala siku moja huwa mgumu kama kuni, na mwisho wake huwa ni pipa la takataka, ambalo halmashauri hugharimika kulichukua. Ndipo 2015 wakuu wa takataka wa Colmar na vijiji jirani walipoanza jambo lililowachekesha wengi: waligawa kuku bure, wawili kwa kila nyumba iliyotaka. Nyumba zilizoanza zilikuwa 200 na zaidi. Kufikia 2022 miji na vijiji vyote 20 vya eneo hilo vilikuwa vimeingia, na kuku waliogawiwa wamepita 5,000. Hesabu yake ni nyepesi. Kuku mmoja aweza kula makombo gramu 150 hivi kwa siku, maana yake kuku wawili humaliza zaidi ya kilo 100 kwa mwaka.

Lakini kuku hawakutolewa ovyo. Mwenye nyumba alitia sahihi ya kuwatunza, akakubali kukaguliwa wakati wowote, akaonyesha uwanja wa kutosha, na banda akajenga kwa fedha yake mwenyewe.

Mfugaji wa Kiambu au Kakamega atauliza: je, mkate wafaa kuku? Wafaa kidogo. Mkate una protini sehemu 8 au 9 tu katika 100, na kuku wa mayai anahitaji 16 hivi. Akishibishwa mkate ataacha chakula chake, atanenepa, na mayai yatapungua. Afadhali ale chakula chake kwanza, kisha apewe makombo kidogo, yaliyolowekwa na kukamuliwa maji. Keki yenye sukari nyingi na mkate wenye chumvi nyingi havimfai, na chokoleti ni sumu kwake. Kinyunya kibichi chenye chachu ni hatari zaidi, kwa kuwa huendelea kuumuka ndani ya gole.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kuvu. Wako wanaodhani kwamba kilichoharibika kwa mtu bado ni halali ya kuku. Hilo ni kosa. Wakenya hawajasahau mwaka 2004, watu zaidi ya 100 walipokufa, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo hiyo huharibu ini la kuku. Mkate wenye kuvu hukwanguliwi ukapewa kuku, huzikwa shimoni.

Ajabu ni kwamba ng'ambo ya bahari, Uingereza, jambo linalosifiwa Colmar limekatazwa na sheria. Baada ya ugonjwa wa miguu na midomo ulioangamiza mifugo huko 2001, ilipigwa marufuku kuwapa kuku makombo yaliyopita jikoni, hata kama kuku wenyewe ni wawili tu nyuma ya nyumba. Mwingereza mwenye ganda la mkate mkononi hulitupa pipani, huku kuku wake wakimtazama.