Begi jepesi, mfuko mwepesi

Wadau, kila nikisema wikendi hii nakwenda Uluguru na hema langu mgongoni, swali ni lile lile: hivyo vitu unavitoa wapi, wakati mishahara ya waandishi wa habari tunaijua? Leo najibu.

Jibu ni mtumba. Hapa Mkuza hakuna duka la vifaa vya kupanda milima, na vikiwa vipya bei yake ni ya kwenda kukopa. Lakini marobota yakifunguliwa Karume, pale Ilala, begi la safari hutokea katikati ya mabegi ya shule, na mara nyingi huuzwa kwa bei ya begi la shule. Ndiyo maana siku hiyo naondoka Kibaha gizani.

Kwanza ni uzito. Vitu vitatu ndivyo vinavyoumiza mgongo: begi, hema na mfuko wa kulalia. Naomba mizani kwa muuza nyanya wa jirani. Begi likizidi kilo moja na nusu naliacha, hata liwe zuri vipi. Mfuko wa kulalia wa manyoya ya bata naukamua ngumini, halafu nauachia. Usipoumuka tena, manyoya yamekwisha. Hema nalisugua kwa ndani. Likinata au likibanduka magamba, halizuii mvua tena.

Pili ni kuuza, na hapa ndipo wengi wanapokwama, maana sisi tukinunua kitu tunataka tuzeeke nacho. Begi langu la kwanza nililinunua shilingi 35,000, nikatembea nalo mwaka mzima, nikamuuzia kijana wa chuo kwa 30,000. Yaani mwaka mzima ulinigharimu 5,000. Kitu kipya hushuka bei siku unayotoka nacho dukani. Cha mtumba kilishashuka kabla hakijapakiwa melini. Hela ya kuuza naongezea kidogo, nanunua chepesi zaidi. Kwa mtindo huo vitu vyangu vitatu vimetoka kilo saba hadi chini ya nne.

Sasa twende Moshi, maana huko ndiko vinakopatikana vizuri zaidi. Watalii wakishuka Kilimanjaro huwaachia wapagazi makoti, viatu na mifuko ya kulalia pamoja na bakshishi, na baadhi ya vitu hivyo huishia sokoni. Mwaka jana nilioneshwa koti la manyoya, jepesi kama karatasi, shilingi 60,000. Aliyekuwa analiuza ni mpagazi mwenyewe. Nikamuuliza, wewe utavaa nini?

"Kaka, mlima ni wiki ijayo. Ada ya mtoto ni Jumatatu."

Kilele kiko mita 5,895, na usiku kule maji huganda. Mpagazi anaruhusiwa kubeba hadi kilo 20 za mzigo wa kampuni, lakini joto la mwili wake ni juu yake mwenyewe. Nikamtajia KPAP, mradi wa pale Moshi unaowaazima wapagazi nguo za mlimani bure. Akasema anaujua, atakwenda.

Koti sikulichukua. Alikuwa na fimbo mbili za kutembelea, nikazinunua kwa bei aliyotaja, bila kuvuta. Hazikutosha ada, na alinitazama kama mtu aliyetarajia zaidi. Huenda koti lilinunuliwa saa moja baadaye na mtu asiyeuliza chochote.

Tangu siku hiyo nina utaratibu mmoja zaidi ya mizani. Karume nanunua chochote. Moshi nanunua begi, fimbo, taa, sufuria. Nguo ya joto ya mtu anayepanda wiki ijayo siigusi. Nimehangaika miaka kupunguza kilo tatu mgongoni mwangu, sipendi kujua kwamba zimehamia kwa mwingine.

Ila ada ya Jumatatu bado inanisumbua. Wewe ungefanyaje?