Chombo Kilichorudi Mara 39

Watu wengi wakizungumza juu ya safari za angani hutaja kwenda tu: nani alitangulia, nani alifika mbali, roketi ipi ina nguvu kupita nyingine. Ni wachache wanaouliza habari za kurudi. Walakini wahenga walisema, Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nami kila nisomapo habari za vyombo vya angani naona kwamba hawakukosea. Nataka kuwaeleza wasomaji maisha ya chombo kimoja cha Marekani kiitwacho Discovery, ambacho kilikwenda angani mara 39, kikarudi mara 39, na sasa kimepumzika katika jumba la makumbusho.

Kabla ya chombo hiki na ndugu zake, desturi ilikuwa kutumia na kutupa. Roketi ndefu kama mnara ilirushwa, ikaanguka vipande vipande, na wasafiri wakarudi ndani ya kichumba kidogo ambacho hakikuwabeba watu tena. Ni nani aundaye lori, akalitupa baada ya safari moja ya kwenda sokoni? Basi Wamarekani wakaunda vyombo vyenye mabawa, vya kwenda na kurudi. Vilivyofika angani ni vitano: Columbia, Challenger, Discovery, Atlantis na Endeavour. Columbia ndicho kilichotangulia, tarehe 12 Aprili 1981.

Discovery kina urefu wa futi 122, na mabawa yake ni futi 78 toka ncha hata ncha. Siku ya kuondoka kilisimama wima, kimefungwa kwenye tangi kubwa la mafuta, na roketi mbili zimewekwa ubavuni. Baada ya dakika mbili roketi hizo zilianguka baharini kwa miavuli, zikaokotwa na meli ili zitumike tena. Tangi liliachwa nalo likaharibika. Hilo peke yake ndilo lililotupwa kila safari. Kwa dakika nane na nusu chombo kilikuwa kimefika angani, nacho kiliizunguka dunia yote kwa muda wa dakika 90 hivi.

Kazi ngumu ilikuwa kurudi. Chombo kilipoingia tena katika hewa kwa mwendo wa maili 17,000 na zaidi kwa saa, pua yake na kingo za mabawa zilipata moto wa kadiri ya digrii 1,600, ambao huyeyusha chuma. Ngozi yake ilikuwa imefunikwa kwa vigae zaidi ya 20,000, kila kimoja na namba yake na mahali pake, na mafundi walivikagua baada ya kila safari. Halafu kilishuka kama eropleni isiyo na injini. Rubani hakuweza kupanda juu ajaribu tena. Ilimpasa atue vema mara ile ile moja.

Discovery kilianza kazi tarehe 30 Agosti 1984. Mnamo Novemba mwaka huo huo wasafiri wake walizikamata satelaiti mbili zilizokuwa zimepotea njia, wakazipakia, wakazirudisha duniani. Tarehe 24 Aprili 1990 kilibeba darubini kubwa ya Hubble, ambayo imewaonyesha wataalamu nyota za mbali mno. Mnamo 1994 kilimchukua Sergei Krikalev, Mrusi wa kwanza kusafiri katika chombo cha namna hiyo, ingawa mataifa yao mawili yalikuwa yametazamana kwa chuki miaka mingi. Na sisi wenye ngozi nyeusi tunayo sababu ya kulikumbuka jina lake. Mnamo Novemba 1989 kiliongozwa na Frederick Gregory, Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa mkuu wa safari ya angani. Mnamo Februari 1995 Bernard Harris alitoka nje ya chombo hicho hicho, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kutembea angani.

Liko na jambo la kuchekesha. Mwaka ule wa 1995 chombo kikingojea kuondoka, ndege aina ya kigogota walitoboa matundu mengi katika gamba laini la tangi, hata safari ikaahirishwa mpaka Julai. Mafundi wakaweka sanamu za bundi kuwatisha. Kwetu bundi akitua juu ya paa watu hawalali. Kule aliwekwa kuwa mlinzi.

Lakini habari za vyombo hivi si za furaha tupu. Tarehe 28 Januari 1986 Challenger kilivunjika sekunde 73 baada ya kuondoka, na watu saba wakafa. Wawili kati yao, Judith Resnik na Ellison Onizuka, walikuwa wamesafiri angani mara yao ya kwanza ndani ya Discovery. Sababu ilikuwa pete ya mpira katika kiungo cha roketi, ambayo baridi ya asubuhi ile iliifanya ngumu isizibe vema. Na jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba usiku uliotangulia wahandisi walionya juu ya baridi hiyo, lakini wakubwa hawakuwafuata. Tumefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa waliokataa kusikia ni wakuu, na waliovunjika ni watu wengine.

Kwa muda wa miaka miwili na nusu hakuna chombo kilichoondoka. Ilipofika siku ya kujaribu tena, tarehe 29 Septemba 1988, aliyetumwa ni Discovery, akiwa na watu watano. Tarehe 1 Februari 2003 msiba ukarudi. Kipande cha gamba la tangi kilikuwa kimelipiga bawa la Columbia wakati wa kuondoka, na wakati wa kurudi moto ukapenya katika tundu lile. Wakafa wengine saba. Mara hii tena aliyetangulia baada ya matanga ni Discovery, Julai 2005, mkuu wa safari akiwa mwanamke, Eileen Collins. Wakiwa huko juu waliona vipande viwili vya kitambaa vimechomoza kati ya vigae tumboni mwa chombo. Stephen Robinson akapelekwa chini ya tumbo lile, akavivuta kwa mkono wake, vikatoka. Baada ya vifo kumi na vinne, hakuna aliyethubutu kusema, "Ni kitu kidogo tu."

Katika majadiliano yetu ya Jumamosi mwenzangu mmoja alishikilia kwamba kukiweka Discovery makumbushoni ni ubadhirifu. Alisema kiliundwa kwa safari 100, nacho hakikufika hata 40. Je, mkulima humfunga zizini ng'ombe ambaye bado aweza kuvuta jembe? Wengi walimpigia makofi, na hoja yake si ya kudharauliwa. Lakini mimi nilisimama upande wa pili, na bado nipo huko. Ahadi ya kwanza ilikuwa kwamba vyombo hivi vitakwenda na kurudi mara kwa mara kwa gharama ndogo. Haikuwa hivyo. Mwaka walipojitahidi kuliko yote, yaani 1985, vyombo vyote pamoja vilifanya safari tisa tu, na kila kimoja kiliporudi kilihitaji kazi ya miezi. Tena havikuwa na njia ya kuwaokoa wasafiri kama roketi ikiharibika wakati wa kuondoka. Mnamo Januari 2004 Rais George W. Bush alitangaza kwamba vitastaafu baada ya kumaliza kujenga kituo cha angani. Naona ilikuwa haki. Kumpumzisha mtumishi angali mzima si kumdharau. Ni vibaya zaidi kumtuma mpaka siku asiporudi, kisha kuulizana nani alaumiwe.

Discovery kilitua mara ya mwisho tarehe 9 Machi 2011. Siku zake za angani zikihesabiwa pamoja ni 365, mwaka mzima, na maili zake ni milioni 148. Tarehe 17 Aprili 2012 kilipandishwa juu ya mgongo wa eropleni kubwa, kikapitishwa juu ya mji wa Washington, na watu wakasimama barabarani na juu ya mapaa kukitazama. Siku mbili baadaye kilikabidhiwa kwa jumba la makumbusho lililoko Chantilly, Virginia. John Glenn alikuwapo akatoa hotuba, mzee wa miaka 90, ambaye mwaka 1998 alikuwa amesafiri katika chombo hicho akiwa na miaka 77.

Wenye jumba hawakukipaka rangi mpya. Vigae vina michirizi ya moto na madoa ya safari, kama vilivyokuwa siku ya kutua. Injini zake ziliondolewa, kwa maana injini za aina ile zilihifadhiwa kwa kazi nyingine. Nne zilizowahi kurusha vyombo hivyo ziliinua roketi ya Artemis I, Novemba 2022. Hivyo mzee amepumzika, na kazi ingali inaendelea.

Ndugu zetu mliokwisha kutoka shuleni hapa mmekuwa wakubwa katika maofisi, karakana na mahospitali, na sisi wa darasa la mwisho twawafuata mwakani. Hapana budi siku moja kijana atasimama mbele ya meza zetu, aseme kwamba ipo pete moja ndogo haijakaa sawa. Naomba tumpe kiti, tumsikilize mpaka amalize.